Ukiombwa Rai, Usitoe Sifa Tupu

Wazazi wetu wapendwa, tuseme kijana wa nyumbani amekujia na wazo la biashara: kuunda tovuti ambako wanafunzi wataeleza hali halisi ya vyuo walivyosomea. Akuuliza, "Ami, mwaonaje?" Wengi wetu hujibu, "Mashaallah, wazo zuri," tukamwombea heri na mazungumzo yakaisha. Kijana huondoka amefurahi, lakini hana jambo jipya la kumwongoza.

Wazo lenyewe si geni. Marekani, tovuti ya kuwapima wahadhiri, ambayo leo yaitwa RateMyProfessors, ilianza mwaka 1999. Nasi Kenya tuna haja. TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, husajili vyuo vya ufundi. Vyuo vikuu navyo vina tume yao, CUE. Hao hutuambia chuo kipi kina idhini. Lakini idhini haimwelezi mzazi iwapo walimu huingia darasani, iwapo karakana ina vifaa, au ni malipo gani yatakayozuka baada ya karo kulipwa. Familia ikikosea hapo, hupoteza akiba ya miaka, na mtoto hupoteza umri wake.

Kwa hiyo, rai yenye manufaa ni kumsimulia kijana tulivyotenda wenyewe. Tulipomchagulia mwana chuo, tulimwuliza nani? Ni habari gani tuliyoitafuta tusiipate? Je, tungalikubali kuilipia? Ikiwa tulimpigia simu binamu anayesoma huko na tukaridhika, tumwambie hivyo. Huyo binamu ndiye mshindani wake wa kweli.

Kisha tumwulize maswali magumu, kwa upole. Aliyeridhika na chuo chake kwa kawaida hunyamaza, na aliyekasirika huandika. Utapataje maoni yenye uwiano? Utajuaje kwamba mwandishi alisoma huko, wala si chuo kinachojisifu au jirani yake anayekichafua? Mwanafunzi ambaye bado anasubiri cheti chake, utalihifadhi vipi jina lake? Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 yakuhusu. Na ikiwa vyuo ndivyo vitakavyokulipa kwa matangazo, ukweli usiovipendeza utabaki kwenye ukurasa?

Kwa vijana nao, twawanasihi wasianze kwa kumlipa fundi wa tovuti. Chagueni kozi moja katika mji mmoja, tuseme uuguzi au umeme hapa Mombasa. Zungumzeni na wanafunzi ishirini, andikeni majibu yao daftarini, kisha wapelekeeni wazazi watano walio katika kuchagua. Wakirudi kuomba zaidi, mna biashara. Wakishukuru tu wakanyamaza, mmejifunza mapema, na fedha zenu zingali mfukoni.

Kuuliza si ujinga. Anayeulizwa naye ana wajibu: ushauri ni amana.