SAFARI ZA THELUJI NA IBADA

Baadhi ya wazazi walioko Kanada wanawalaumu vijana wao kwa safari ndefu za pikipiki za theluji, wakidhani ni upuuzi mtupu. Chombo hiki asili yake si mchezo. Mwaka 1934 Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alifiwa na mwanawe mdogo, kwa kuwa theluji ilikuwa imeziba njia ya hospitali. Baadaye akaunda magari ya kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 akatoa pikipiki nyepesi ya Ski-Doo.

Kisiwani Newfoundland reli ilifungwa mwaka 1988. Vyuma viking'olewa, na tuta lake likawa njia ya kilomita 880 hivi, kutoka St. John's hadi Port aux Basques, ambayo ni sehemu ya njia kuu ivukayo Kanada. Waendao kwa miguu nao wana haki humo. Kwenye nyanda za Gaff Topsails, ambako treni zilikuwa zikikwama, hapana msitu wa kukinga upepo.

Msafiri wa masafa kama hayo anayo ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Aliyevaa khofu akiwa na udhu hupaka maji juu yake siku 3 na nyiku zake, wala halazimiki kuanika miguu kwenye baridi ile.

Ninalowaunga mkono wazazi ni ziwa. Kijana hulikata ili afupishe njia. Msalaba Mwekundu wa Kanada unataka barafu ya unene wa sentimita 25 kwa pikipiki hizi. Nayo hupimwa kwa kutobolewa, haikadiriwi kwa macho.