Pensheni na Bega la Ndugu

Baba mwenye nguvu akipatwa na ulemavu, nani atamlisha pamoja na watoto wake? Wengi hujibu upesi: Serikali. Na tulitazame jambo hili vema.

Katika Kongo yetu, mpango wa kuwalinda wafanyakazi uliwekwa kwa amri ya tarehe 29 Juni 1961. Leo wafuata sheria ya tarehe 15 Julai 2016, nao huangaliwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani CNSS. Pensheni ya ulemavu hutoka humo. Lakini mfuko hautoi kisichotiwa. Mfanyakazi hukatwa 5 katika kila 100 za mshahara wake, na mwajiri hutia 5 nyingine. Basi karani au dereva aliyeandikishwa ana tumaini. Bali mkulima wa mihogo wa Buleusa, asiye na mwajiri wala mshahara, hana la kudai huko.

Hata penye haki, mambo ya nyumbani yaweza kuiharibu. Ndoa ya kanisani ni Sakramenti, lakini mbele ya Serikali haitoshi: yapasa iandikwe pia kwa afisa wake. Wala cheti cha ubatizo hakishiki mahali pa cheti cha kuzaliwa. Sheria yataka mtoto aandikishwe kabla ya siku 90 kupita. Baba akifa, mjane na yatima wasio na karatasi watajulikanaje? Na fedha ikipatikana, ni ya mlemavu na watoto wake, si ya wajomba kugawana kama nyama ya mawindo.

Na wasio na pensheni je? Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yatetea haki za wenye ulemavu, lakini karatasi haimlimii mtu shamba. Injili yatuonyesha watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakafumua dari wamfikishe kwa Yezu. Nasi tusimfiche ndugu yetu nyumba ya nyuma. Mikono ikiwa mizima, apewe cherehani au vikapu vya kusuka. Na katika baraza la ukoo asikizwe. Nanyi wanafunzi, mchukulieni mkoba mwenzenu atembeaye kwa gongo.

Juma hili kila mzazi na ajiulize: watoto wangu wangapi hawajaandikishwa? Na mlemavu gani wa ukoo wetu hajatembelewa tangu mwezi uliopita?