Mwalimu Mwanafunzi Ugenini: Faida au Hasara?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Baadhi ya wazazi huuliza: kwa nini mwalimu mwanafunzi apelekwe ng'ambo kufanya mazoezi ya kufundisha, ilhali madarasa yetu yana upungufu wa walimu? Swali hili ni la haki, wala hatulidharau.

Hata hivyo, tumkumbuke Mus'ab bin Umayr (r.a.). Mwaka 621, baada ya Baia ya kwanza ya Aqaba, Mtume (s.a.w.) alimtuma kutoka Makka kwenda Yathrib, ndiyo Madina, akawasomeshe watu Qur'ani. Alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara. Usayd bin Hudhayr alipomjia na mkuki ili amfukuze, Mus'ab hakubishana naye. Alimwomba akae asikilize kwanza. Akipendezwa akubali, asipopendezwa wao wataacha. Usayd akakaa, akasikiliza, akasilimu.

Somo hilo ni gumu kulipata nyumbani. Hapa kwetu mwalimu huheshimiwa kabla hajafungua kinywa. Ugenini heshima huitafuta kwa subira na kwa kueleza vizuri.

Lakini Mus'ab alikwenda akikijua alichotumwa kusomesha, na mwaka uliofuata alirudi Makka na habari za kazi yake. Basi rai yetu ni hii: vijana waende, ila wasiende mikono mitupu, na waahidi kurudi kutusomesha walichokipata. Nasi wazazi tuwaage kwa dua, si kwa lawama.

Wabillahi tawfiq.