CHUMA HAKISEMI UONGO, VIGOGO JE?

NAINOKANOKA. Huku kwetu, chini ya kreta ya Olmoti, asubuhi ukungu ni mzito hadi mchungaji anasikia kengele ya ng'ombe kabla ya kumwona ng'ombe mwenyewe. Wengi wa huku hawajapanda ndege hata siku moja. Lakini jina letu limepanda! Januari 2019 ndege ya pili ya Airbus A220 ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam ikiitwa "Ngorongoro". Ngoma zikapigwa, vigogo wakajipanga mstari, hotuba zikamwagika.

Miaka haikupita mingi. Mwishoni mwa 2022 shirika lenyewe likatangaza kwamba baadhi ya A220 zake ziko chini kwa ubovu wa injini. Injini hizo ni PW1500G za Pratt & Whitney ya Marekani, zilizonunuliwa kwa jasho la mlalahoi, na zikashushwa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo tuliyopewa? Kosa ni la mtengenezaji, linawakumba wengi duniani, tuvute subira.

Ni kweli linawakumba wengi. Ila "linawakumba wengi" si jibu, jamani! Hata malaria inawakumba wengi, lakini daktari hakuandikii dawa mpaka apime damu.

FUNDI WA KARATU ANAJUA

Nenda gereji yoyote pale Karatu, yanakolala magari ya watalii. Ekseli ikikatika, fundi hakimbilii kuitupa. Anaigeuza kwenye jua na kuangalia pale ilipokatika. Sehemu ikiwa nyeusi na imelainika, anajua ufa ulikuwepo siku nyingi, ukitembea polepole. Ikiwa inameta na kukwaruza, anajua imevunjika ghafla, gari lilizidishiwa mzigo. Akishajua hilo ndipo anasema kama wa kulaumiwa ni dereva, tajiri au aliyeuza spea.

Injini ya ndege nayo huchunguzwa hivyo hivyo, tofauti ni hadubini na maabara. Kompresa inavuta hewa na kuikandamiza, mafuta yanawaka ndani yake, na gesi ya moto inazungusha mapanga ya turbini. Gesi hiyo inaweza kuwa na joto linalozidi kiwango cha kuyeyusha chuma cha panga lenyewe! Panga linapona kwa sababu limetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli, lina vitundu vya kupitishia hewa ya kulipoza, na limepakwa tabaka la kulikinga.

Sasa angalia njia za kifo chake. Kuna uchovu wa chuma: kupashwa na kupozwa kila safari mpaka ufa uanze. Kuna kuvutika taratibu kwa joto na mzunguko. Kuna kutu ya moto, inayoletwa na chumvi na salfa. Kuna vumbi linaloyeyuka na kuganda kama kioo juu ya panga, likiziba vile vitundu. Kuna mtikisiko. Na kuna uchafu uliozaliwa ndani ya chuma tangu kiwandani. Kila kifo kina alama yake kwenye kipande, na kila alama ina mtu wa kulipa.

WENZETU WALIINGIA MSITUNI

Julai 25, 2019, A220 ya Swiss ikitoka Geneva kwenda London iliharibikiwa injini juu ya Ufaransa. Wachunguzi wa Ufaransa hawakusema "tuvute subira". Waliwaomba wananchi waingie msituni kule Burgundy kutafuta vipande vya titani vilivyodondoka! Yalipotokea mengine mawili, Septemba na Oktoba, Swiss ikazishusha A220 zake zote zikaguliwe. Ushahidi ukaelekeza kwenye mtikisiko wa rota ya kompresa, injini inaposukumwa sana ikiwa juu. Mamlaka zikaweka kikomo cha nguvu. Habari zote hizo ziliwekwa wazi, kila mwenye macho akasoma.

Mwaka 2023 likaibuka jingine. RTX, kampuni mama ya Pratt & Whitney, ilikiri kwamba unga wa chuma uliotumika kutengenezea sahani za baadhi ya injini za ukoo huo ulikuwa na uchafu, kwa vipuri vilivyotengenezwa kati ya mwisho wa 2015 na 2021. A220 zetu zilifika 2018, 2019 na 2021. Sisemi zetu zimo. Nauliza: zimo?

Misri walichoka mapema. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba EgyptAir imeziuza A220 zake zote 12.

Na sisi? Mwaka huo huo wa 2024 ripoti ya CAG ilionyesha ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka wa fedha 2022/23, na ubovu wa injini za A220 ukatajwa miongoni mwa sababu. Bilioni hamsini na sita! Kijana wa Manzese anayelala na njaa baada ya kusukuma mkokoteni kutwa hajui kwamba naye amechangia.

Basi wajibu haya. Kipuri gani kilikufa, na kilikutwa na alama gani? Vumbi letu na joto letu vina mchango gani? Mkataba unasemaje juu ya fidia, na zimelipwa ngapi? Ndege hizi zilinunuliwa na Serikali kupitia TGFA, kisha ATCL ikazikodi: zilipokuwa zimelala, kodi iliendelea kuhesabiwa?

Wasituambie ni siri ya biashara. Mwaka 2006 tuliambiwa mambo ni shwari kuhusu Richmond na mitambo yake ya umeme wa gesi. Bunge lilipounda kamati teule chini ya Mwakyembe, Februari 2008 Waziri Mkuu alijiuzulu. Bunge likitaka linaweza. Swali ni kama linataka.

Kosa linaweza kweli kuwa la Mmarekani. Vizuri! Aliye na haki haogopi kuonyesha kipande. Anayekificha ama hakukiangalia, ama amekiangalia na kuona jina lake.

Tangu 2022 watu wa huku wanahamishiwa Msomera, tunaambiwa ni kwa hiari. Watu wanaondoka, jina linabaki ubavuni mwa ndege. Basi walau tuambiwe ndege yenye jina letu iliugua nini.

Vijana wa mjini, mkikutana na mbunge kwenye kampeni msimwombe fulana. Mwombeni ripoti ya injini.