Tusinunue Sauti kwa Macho

Hivi majuzi nilialikwa katika sherehe ya kuwatuza wanafunzi katika shule moja ya upili. Shule hiyo ilikuwa imenunua mtambo mpya wa kupaza sauti kwa fedha zilizochangwa na wazazi. Spika zilikuwa kubwa kama makabati, zina taa za rangi za kumetameta, na kwenye sanduku palikuwa pameandikwa kwa herufi nene: wati 5,000. Mwalimu mkuu aliposimama kuhutubu, sisi tuliokaa safu za mbele tuliumizwa masikio na mngurumo, na wazazi waliokaa nyuma hawakuambulia hata sentensi moja kamili. Debe tupu, walinena wahenga, haliachi kuvuma.

Baada ya sherehe, walimu wawili walibishana mbele yangu. Yule wa fizikia alishikilia kuwa chombo cha sauti hununuliwa kwa vipimo. Yule wa muziki alimjibu kwamba vipimo ndivyo vilivyowaponza, kwani namba si ilikuwa imeandikwa pale juu ya sanduku? Kwake yeye, hakimu wa sauti ni sikio, basi. Mabishano hayo si mageni. Kwa miongo mingi yamewagawanya mafundi na wapenzi wa muziki kote ulimwenguni. Kwa maoni yangu, kila mmoja wao alikuwa na nusu ya ukweli. Shule ile haikupima wala haikusikiliza. Ilitazama, ikapendezwa, ikalipa.

Tuanze na ile namba. Wati zinazoandikwa kwa maelfu kwenye masanduku ya namna hiyo, aghalabu zikiandamana na herufi PMPO, si kipimo cha kisayansi. Hakuna kanuni moja inayokubaliwa ya kuzihesabu. Kila mtengenezaji hujumlisha apendavyo nguvu inayoweza kutoka kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kipimo cha kuaminika ni nguvu ambayo amplifaya yaweza kuitoa mfululizo bila kuiharibu sauti. Hata hicho chahitaji kueleweka. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban mara 10 ya nguvu ya awali. Mwanafunzi anayelijua hilo hawezi kutishwa na sifuri za muuzaji.

Hata hivyo, anayeabudu vipimo naye ana funzo la kujifunza. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wa amplifaya walishindana kupunguza asilimia ya upotoshaji wa sauti, hadi zikatangazwa namba ndogo ajabu. Lakini baadhi ya wasikilizaji walilalamika kuwa baadhi ya amplifaya hizo zilikuwa na sauti kavu na ya kukwaruza. Waliambiwa wanaota. Kisha Matti Otala, mtaalamu kutoka Finland, akaonyesha kuwa kupima kwa mlio mmoja usiobadilika kwaweza kuficha kasoro inayojitokeza pale sauti inapobadilika ghafla, na muziki ni mabadiliko matupu. Ijapokuwa wataalamu waliendelea kubishana juu ya uzito wa kasoro hiyo, funzo lilibaki: kipimo hujibu swali kililoulizwa tu, na mara nyingine sikio ndilo linalotukumbusha swali tulilosahau kuuliza.

Je, basi tumwachie sikio kila kitu? La hasha! Sikio nalo hudanganyika, na mdanganyifu wake mkuu ni jicho. Kuanzia mwaka wa 1915, kampuni ya Thomas Edison ilifanya maonyesho Marekani ambapo mwimbaji aliimba jukwaani akipokezana na santuri ya sauti yake mwenyewe. Watu wengi walitoka wakiapa kwamba hawakuweza kutofautisha. Leo tukizisikiliza santuri za wakati ule, twasikia mikwaruzo na sauti iliyobanwa. Waliokuwamo ukumbini walikuja wakitarajia muujiza, wakausikia.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitolewa mwaka wa 1994 na watafiti Floyd Toole na Sean Olive. Waliwapa wasikilizaji spika zilezile wazilinganishe mara mbili, kwanza wakiwa hawazioni, kisha wakiziona. Walipoziona, maksi zilibadilika. Spika kubwa za kupendeza zilipanda, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka, ingawa sauti haikubadilika hata chembe. Wasikilizaji hao hawakuwa wajinga wote, kwani baadhi yao walikuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Macho hayana pazia, na wajuzi pia wana macho.

Lakini Toole hakukata tamaa na sikio. Akiwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada katika miaka ya 1980, alikuwa amekwisha kugundua jambo la kutia moyo. Watu wakisikiliza bila kuona, na sauti zikisawazishwa ukubwa, wengi wao huafikiana. Tena spika wanazozipenda huwa ndizo zile ambazo vipimo kamili huonyesha zinatoa sauti nene na nyembamba kwa usawa, bila kukuza hizi na kufifiza zile. Hapo ndipo ugomvi wa walimu wangu wawili unapokwisha. Kipimo kilicho kamili na sikio lililo adilifu ni mashahidi wa kesi moja, na ushahidi wao hukubaliana.

Kwa hivyo nawashauri walimu na wanafunzi wasizione hizi kuwa anasa za matajiri wa Ulaya. Shule inapotaka kununua mtambo, kwanza iulize nguvu ya mfululizo, na muuzaji asiyeijua aachwe na sanduku lake. Pili, iombe mtambo uletwe katika ukumbi wenyewe ujaribiwe kwa hotuba. Konsonanti kama s, f na t hutegemea sauti nyembamba, na besi ikizidi huzimeza, hata mwangwi ukawa ndio unaohutubu. Tatu, itundike shuka mbele ya spika mbili au tatu, isawazishe ukubwa wa sauti, kwani inayozidi nguvu kidogo hudhaniwa kuwa bora, kisha wanafunzi waketi nyuma ya ukumbi na kila mmoja aandike maksi zake kimyakimya, bila kumchungulia jirani. Hilo ni somo zima la fizikia, na gharama yake ni shuka moja.

Mwalimu mwadilifu hufunika jina anaposahihisha insha, asije akaongozwa na mapenzi au chuki. Hafanyi hivyo kwa kuwa haamini uamuzi wake, bali kwa kuwa anauheshimu. Sikio lastahili heshima hiyohiyo. Wazazi walioketi nyuma ya ukumbi siku ile walikuwa wamechanga ili wasikie watoto wao wakisifiwa. Walirudi nyumbani wameona taa tu.