Nambari za Nasibu na Zamu Zetu

Mhariri akiniruhusu, napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka katika somo la kompyuta, nalo ni kujaza safu kwa nambari za nasibu. Wako wasemao kuwa huo ni mchezo tu: mashine itaje nambari zisizo na mpango, kisha iweje? Mimi nasema ndani ya mchezo huo mna haki, nasi wa Pemba twapaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Katika kisiwa hiki watoto 24,076, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, waliingizwa katika utafiti wa lishe. Ilitarajiwa kuwa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki yatawazidishia afya. Nani apewe hayo, na nani apewe zinki au kidonge kisicho na dawa? Hakuchagua daktari wala mzazi, iliamua nasibu. Agosti 2003 ugawaji wa chuma ulisimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet: waliopewa chuma, katika mahali penye malaria nyingi, hatari yao ya kufa au kulazwa hospitali ilizidi kwa asilimia 12. Lau watu wangalichagua wenyewe, tungalisema pengine hao walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Nasibu iliufunga mlango wa shaka hiyo. Wazazi wasidhani kuwa chuma ni sumu. Mtoto aliyepimwa akaonekana na upungufu hutibiwa kwa uangalizi wa daktari.

Akili ya mtu haiwezi kazi hii. Mwambie mwenzio aandike kwa kubuni matokeo ya kurusha sarafu mara 100. Ataogopa kuandika upande mmoja mara sita mfululizo, ingawa sarafu ya kweli hufanya hivyo aghalabu.

Kompyuta nayo haibahatishi, bali hupiga hesabu. Hupewa nambari ya kuanzia, iitwayo mbegu, na kwa hiyo huzaa nyingine. Katika Python, mstari mmoja wa NumPy hupanda mbegu, na wa pili huijaza safu ya nambari 1000 kati ya 0 na 1. Mbegu ile ile, kwa programu ile ile, huzaa safu ile ile. Hesabu ikiwa mbovu, nasibu huharibika. RANDU ilitumika sana katika kompyuta za IBM miaka ya 1960. Nambari zake zilipochorwa tatu tatu kama nukta ndani ya sanduku, zote zilikaa juu ya mabapa 15 tu.

Sasa tutazame dahalia zetu. Kila wiki hupangwa zamu za kufagia, kuteka maji na kuosha masufuria, na kila wiki husikika kuwa fulani kapendelewa. Nashauri majina yaandikwe kwa alfabeti, kila jina lipewe nambari ya nasibu, kisha orodha ipangwe kuanzia nambari ndogo. Mbegu isichaguliwe na kiranja. Itokane na dadu zitakazorushwa mstarini mbele ya wote, iandikwe ubaoni, na mwenye shaka airudie hesabu mwenyewe.

Huenda mtu akasema hii ni kamari. La hasha! Mcheza kamari hutaka kula mali ya mwenzake. Hapa hapana aliwaye wala alaye. Aliyeangukiwa na masufuria kwa kura ya wazi atayanung'unikia masufuria, hatamnung'unikia mwenzake.