Mgeni Naye Apewe Somo

Mgeni akiingia nyumba ya Ngamiani, mjini Tanga, na viatu vyake mpaka juu ya mkeka, mara nyingi hakuna atakayemwambia neno. Mwenye nyumba atasema "karibu, karibu", atamwita mtoto alete maji, ataulizia habari za safari. Mgeni atakunywa, atasifu ukarimu wa watu wa Tanga, ataaga. Akishapotea kwenye kona, mkeka utatolewa nje ukung'utwe, na maneno aliyostahili kuyasikia yeye watayasikia majirani.

Huo ndio muhali wa pwani. Mwenyeji huona haya kumkosoa mtu aliyemkaribisha mwenyewe. Watu huuita uungwana, na kwa sehemu ni uungwana kweli. Lakini mgeni asiyeambiwa leo, kesho atalirudia kosa lile lile nyumba ya pili, na mwenyeji anayemeza kinyongo kila siku hufika siku akachoka kumeza. Siku hiyo haanzi kwa kuelekeza. Huanza kwa kufukuza.

Nchi iliyofika hapo karibuni ni Japani, na watu wa Tanga wana sababu ya kuitazama kwa makini kuliko wanavyodhani.

Kwa namna walivyolelewa kuhusu ugeni, Mjapani na Mswahili wanafanana mno. Nyumba ya Kijapani ina sehemu ya kuingilia iliyo chini kidogo ya sakafu. Hapo viatu huvuliwa na kupangwa ncha zikitazama mlango, na anayeingia husema maneno ya kuomba radhi kwa usumbufu, kama pwani asivyovuka mtu kizingiti bila kubisha hodi. Kadi ya kazi hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, huku mpokeaji akiisoma kabla ya kuiweka. Mkubwa hutangulizwa. Kukataa jambo waziwazi mbele ya mtu huonekana ukali. Hadithi maarufu ya mji wa Kyoto husimulia kwamba mwenyeji akikuuliza kama ungependa bakuli la wali uliomiminiwa chai, anakuambia kwa adabu kuwa muda wa kuondoka umefika. Mtu wa Pangani hatahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Akipita barazani penye watu wanaokula ataambiwa "karibu", naye anajua kuwa jibu ni "ahsante, starehe", si kuvuta mkeka.

Tofauti zipo, na nyingine zinaweza kumwaibisha mtu. Wali haupaswi kuchomekwa vijiti vya kulia vikasimama wima, wala chakula hakipokezanwi kutoka vijiti vya mmoja kwenda vya mwingine, kwa sababu yote mawili hufanywa kwenye msiba: wali wa namna hiyo huwekewa marehemu, na mifupa baada ya mwili kuchomwa moto huokotwa na jamaa kwa vijiti. Bakshishi haitolewi, na mhudumu anaweza kumkimbilia mteja barabarani amrudishie chenji aliyoiacha mezani. Kwenye treni simu huzimwa sauti, na anayezungumza kwa simu hukodolewa macho. Dukani bei iliyoandikwa ndiyo bei. Kijana wa Tanga aliyezoea kumwambia muuzaji "punguza kidogo" huko ataonekana kituko.

Lililo zito zaidi kwa Mwislamu wa pwani lipo kwenye mabwawa ya maji moto. Huko watu huoga uchi pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kujisugua na kujisuuza kabla ya kuingia. Suala la stara halina mjadala kwa mtu aliyelelewa Pangani. Lakini zipo nyumba za wageni zenye bafu la kukodi kwa faragha, na aliyeelezwa mapema huomba hilo bila kuvunja staha yake wala ya mwenyeji. Aliyenyamaziwa hulazimika kuchagua kati ya aibu mbili.

Kwa watu wake wanaokuja huku, Japani haikuachia mambo bahati. Vijana wanaojitolea chini ya JICA, shirika la misaada la Japani, hupitia kwanza kambi za mafunzo, kama ile ya Komagane, wakafundishwa lugha na maisha ya nchi wanayokwenda. Wanaoletwa Tanzania hufika wakijua kusema "shikamoo" na wakijua wamwambie nani. Chuo Kikuu cha Osaka kina masomo ya Kiswahili. Pwani ya Tanga yenyewe inawafahamu Wajapani: wataalamu wa Aquamarine Fukushima, jumba la kuonyeshea samaki, walishirikiana na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, kumtafuta silikanti, samaki wa kale aliyeipa jina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa Tanga mwaka 2009. Mgeni wa namna hiyo, aliyekuja na mwenyeji wa kumwongoza, ni nadra kusikika akilalamikiwa.

Kwa wageni waliokwenda kwao, hata hivyo, Wajapani walitegemea kwa muda mrefu kuwa mtu atatazama wenzake na kujifunza. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipokea wageni zaidi ya milioni 36. Katika mtaa wa Gion mjini Kyoto, ambako wasanii wa kike wa jadi hupita na kimono kwenda kazini, wageni walikuwa wakiwakimbiza kwa kamera na wengine kuwavuta nguo. Mwaka 2019 wakazi waliweka mabango ya kukataza picha kwenye vichochoro vya watu binafsi, na faini ya yeni 10,000. Haikutosha. Mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo vikafungwa kwa watalii. Mwezi Mei mwaka huo huo, mji wa Fujikawaguchiko ulisimamisha pazia jeusi la wavu, urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5, ili kuziba mlima Fuji unaoonekana nyuma ya duka moja, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakivuka barabara ovyo, wakitupa takataka na kuegesha magari kwenye eneo la kliniki ya jirani. Muda si mrefu wavu ukakutwa umetobolewa matundu ya kupenyezea kamera.

Watu wanaosifika duniani kwa upole wao kwa wageni waliishia kuficha mlima. Hawakuishiwa ukarimu. Walichelewa kusema.

Tanga bado ina nafasi ya kuwahi, lakini si kubwa. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia Chongoleani, kijiji cha wavuvi kilichozoea kumjua kila anayepita. Bandari imepanuliwa. Saadani iko jirani, na fukwe za Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, zinajulikana. Wageni wanaoletwa na haya yote si Wazungu wenye kamera tu. Wapo mafundi kutoka Uganda na China, madereva wa masafa, na Watanzania wa bara ambao hawajawahi kufunga wala kuishi mahali ambapo mchana wa Ramadhani mtu hali barabarani.

Tazama Tongoni, kusini mwa mji. Kwa mgeni ni magofu: msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Kwa wakazi hapo wamelala watu. Asiyeambiwa ataketi juu ya ukuta wa kaburi apigwe picha, na kwa macho yake hajafanya baya lolote. Kwenye mapango ya Amboni ipo sehemu ambayo watu bado huendea kutambika na kuacha sadaka. Mgeni akiokota kitu hapo kama kumbukumbu ya safari, amechukua dua ya mtu.

Wapo watakaosema kumpa mgeni masharti ni kumfukuza na fedha zake. Japani inawajibu: watalii hawakuikimbia nchi hiyo kwa sababu ya kuvua viatu. Wengi huvipenda vile vitendo vidogo vya heshima, na hurudi kwao wakivisimulia. Kinachomwudhi mgeni ni kukaripiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemtajia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Nani aseme desturi ya Tanga ni ipi? Mkoa huu ni wa Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, wenye asili ya Uarabuni na Uhindini, na wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge kutoka pembe zote za nchi. Ndiyo maana orodha iwe fupi. Isiwe na vikorombwezo vya kumpendeza mtalii wala sheria zilizobuniwa juzi ili watu watozwe faini. Iwe na yale tu yanayoumiza yakivunjwa: salamu kabla ya swali, hata kama swali ni bei ya nazi, viatu mlangoni, mkono wa kulia katika kutoa, kupokea na kula, kula upande unaokutazama kwenye sinia, nguo za kuogelea zibaki ufukweni, na mjini mabega na magoti yafunikwe, picha kwa ruhusa, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, na makaburi yasikaliwe. Yote hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja.

Anayedhani kuandika desturi ni mambo ya wageni akumbuke kwamba Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin, alieleza maisha ya pwani hii katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Mswahili hajawahi kuona haya kueleza alivyo. Haya humjia anapotakiwa kusema ana kwa ana, na mtu aliyeketi mbele yake.

Kwa hilo pwani ilishapata dawa zamani. Mama haoni vyema kumweleza bintiye mambo ya unyumba, kwa hiyo binti hupewa somo au kungwi, ambaye kazi yake ni kusema wazi yale ambayo mzazi hawezi. Haya ya mama inabaki, na binti haingii ndoani akiwa hajui lolote. Mgeni naye anahitaji mtu wa kusimama mahali hapo, ili mwenye mkeka asilazimike kuvunja ukarimu wake.

Watu wa kufanya kazi hiyo wapo. Wenye nyumba za kulala wageni wa Pangani, Ushongo na Raskazone wanaweza kuubandika ukurasa ule nyuma ya mlango wa chumba, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kichina na Kijapani, na picha kwa asiyesoma. Waongozaji wa Amboni na Tongoni wauseme kabla tiketi haijakatwa, si baada ya mgeni kukosea. Kampuni zinazoleta wafanyakazi Chongoleani ziuweke kwenye mafunzo ya siku ya kwanza, pamoja na kofia ngumu na buti. Halmashauri za Jiji la Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani ziwaite maimamu, mapadri, wazee wa mitaa, wavuvi na kina mama wa sokoni waupitie na kukubaliana, kisha ziuchapishe kwa gharama yao. Na vijana wa Tanga wanaopata nafasi ya kwenda kusoma au kufanya kazi Japani wadai waelezwe ya huko kabla ya kupanda ndege, kwa haki ile ile.

Ukurasa huo uchapwe sasa, wakati watu wa Tanga bado wanafurahi kuona mgeni akishuka kwenye basi.